Jeni Mbili, Kipande Kimoja

Mvuvi wa delta ya Tana anapomchomoa kamongo matopeni huko Garsen, amemshika ndugu wa mbali. Kwa nasaba, samaki huyu mwenye mapafu yuko karibu na binadamu kuliko alivyo karibu na bunju, samaki wa baharini. Hilo limethibitishwa kwa ufundi ninaouheshimu sana: kulinganisha jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe, herufi kwa herufi.

DNA ina nyuzi mbili, kila mmoja ukisomwa kinyume cha mwenziwe. Pengine jeni mbili hupandana, yaani hukalia kipande kilekile, hii ikisomwa kwenye uzi mmoja na ile kwenye wa pili. Zimeshikana kama miyaa ya mkeka: herufi moja ikibadilika hapo, zote mbili zimeguswa.

Je, kupandana huko ni bahati tu? Sydney Brenner, mwanabiolojia mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, alimpigia debe bunju wa Japani, fugu, kwa sababu jenomu yake ina takriban herufi milioni 400, kama thumuni ya yetu, ilhali jeni zake zinalingana sana na zetu. Jenomu hiyo ilichapishwa 2002. Mwaka 2005 watafiti Dahary, Elroy-Stein na Sorek wakaipanga kando ya jenomu ya binadamu. Walijua kwamba kuzikuta jeni mbili zikiwa pamoja kwa samaki na kwa mtu si ushahidi. Majirani wengi wamebaki pamoja kwa kuwa hakuna kilichowatenganisha. Basi wakapima pia majirani wasiopandana. Wanaopandana ndio waliodumu pamoja zaidi, tangu nasaba zetu zilipoachana miaka zaidi ya milioni 400 iliyopita. Kipimo hicho cha pili ndicho ninachokivulia kofia.

Mimi ningemleta kamongo. Jenomu ya kamongo wa Afrika Magharibi, iliyochapishwa 2021, ina herufi takriban bilioni 40, nyingi zikiwa vipande vinavyojirudiarudia. Kwa bunju jeni zimebanana, hata kupandana hakushangazi. Kwa kamongo nafasi ni tele. Jozi iliyokataa kuachana humo ina ushahidi mzito zaidi.

Wa Tana, *Protopterus amphibius*, ni jamaa yake wa karibu. Kuanza kuisoma jenomu yake hakudai makubwa: kipande kidogo cha pezi, kichupa cha spiriti, lebo yenye jina la mahali na tarehe, na samaki anarudishwa majini.