"Mzuri" na "Mwema" katika Kiingereza cha Shule Zetu

Mwalimu mmoja wa upande wa Newala alituletea nakala ya barua aliyoiandika kwa Kiingereza kumsifu binti aliyetaka kuingia mafunzo ya uuguzi. Binti huyo twamfahamu: ni mwaminifu, mpole, hachoki na kazi. Barua yenyewe ilikuwa na mistari sita, na katika mistari hiyo neno "beautiful" lilikuwamo mara tatu. "She is a beautiful girl", ndivyo ilivyoanza. Na mwisho wake ilisema ya kuwa nyumba yote ya mwalimu yamwona binti huyo kuwa "very beautiful". Jibu lililorudi lilikuwa fupi na baridi: waliuliza kama mwalimu aweza kumpata mtu mwingine wa kumshuhudia. Mwalimu alifadhaika. "Ndugu zangu," alituambia, "mzuri si beautiful? Nimeandika uongo gani?"

Uongo hakuandika. Lakini waliosoma barua waliona mwanamume mtu mzima anasifu uso wa msichana, wala hasemi neno juu ya tabia yake. Nao wakamdhania vibaya, na nafasi ya binti ikawa karibu kupotea. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kulichungua jambo hili, ingawa kwa nje laonekana dogo, la sarufi tu.

Kwa hukumu yetu kosa halikuanza katika Kiingereza. Lilianza katika Kiswahili, pale mwalimu aliposema moyoni "binti mzuri" naye alikusudia "binti mwema". Katika Kiswahili kilicho sahihi, "-zuri" kwanza ni la kipendezacho macho, masikio au ulimi. "-Ema" ni la tabia, la manufaa, la kitu kilivyo ndani yake. Mithali zetu zashuhudia hayo. Uzuri wa mkakasi, wazee wasema, ukipata maji basi. Lakini wema hauozi. Hatusemi ya kuwa mpaka wa maneno haya ni ukuta. Chema chajiuza, nacho ni bidhaa tu. Na mtu akiulizwa habari, hujibu "njema" au "nzuri" pasipo kupima. Hata hivyo sisi watu wa bara tumelivuta neno "-zuri" mpaka limefunika yote: mtoto mzuri, dawa nzuri, mvua nzuri, mwalimu mzuri, na "-ema" tumeliachia kanisa na mazishi. Huenda lugha za nyumbani zina sehemu yao katika jambo hili. Myao asemaye "mundu jwambone" ana neno pana, nalo lamtosha kwa mengi; akija katika Kiswahili hutafuta neno moja la kulijibu, akikwisha kulipata halitoki tena mkononi.

Wafasiri wa Maandiko hawakufanya hivyo. Walisema Mchungaji Mwema, wala hakuna Mkristo wa Masasi awezaye kustahimili kusikia "Mchungaji Mzuri", kana kwamba twasifu kanzu yake. Tena jambo hili si jepesi kama lionekanavyo, maana katika Yohana 10 neno la Kigiriki ni "kalos", ambalo hutumika hata kwa uzuri wa kuonekana. Bali katika Marko 10, Bwana wetu anapokataa kuitwa mwema pasipo kufikiri, neno ni "agathos". Kiingereza kimetia "good" pande zote mbili, na Kiswahili "mwema" pande zote mbili. Basi neno moja la lugha hii laweza kubeba mawili ya lugha ile; mwalimu asiyelijua hilo atadhani kila neno lina pacha wake ng'ambo.

Wengine huzilaumu kamusi. Sisi hatukubali. Kamusi ya Madan ya mwaka 1903, na ile iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Johnson, hazimpi msomaji neno moja kwa neno moja. Zaweka maana kadha wa kadha, naye mwenye subira hupata njia. Ila msomaji wetu hutazama neno la kwanza, akafunga kitabu. Tunazozilaumu ni orodha fupi zilizo nyuma ya vitabu vingi vya shule, ambamo "mzuri" limepangwa mkabala wa "beautiful" au "good", bila sentensi hata moja. Mtoto anayefundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akaingia sekondari akute masomo kwa Kiingereza, huibeba orodha hiyo kichwani kama mzigo wa kuni, akichomoa kijiti chochote kinachotangulia.

Na tujaribu kwa vitu vya kwetu. Mwanamke wa Newala asema maji ya kisima fulani ni mazuri. Hasemi ya kuwa yapendeza kutazamwa, asema yanyweka. Kiingereza chake ni "good water". Mkulima wa Masasi apelekaye korosho ghalani asema korosho zake ni nzuri: nazo ni "good nuts", maana mpimaji atazitia katika daraja la kwanza; akisema "beautiful nuts" watu watacheka. Kinyago ndicho kigumu. Fundi wa Kimakonde aweza kuchonga uso wa kutisha, mdomo umepinda, macho yametoka, na wote wakasema ni kinyago kizuri. Hapo "beautiful" si kweli, na "good" halitoshi. Mwingereza angesema "a fine carving", maana asifu ufundi. Lakini neno hilo nalo lina mitego yake: "fine flour" ni unga laini, na "fine" ya barazani ni ileile faini tunayoijua sote, ambayo hapana aliyepata kuiita nzuri.

Makosa mengine tutayapita upesi. Mwanafunzi huandika "He taught good", naye apaswa kuandika "He taught well", kwa kuwa "vizuri" hapa lasifu kufundisha. Lakini mwalimu asifanye haraka kusema ya kuwa "vizuri" ni "well" sikuzote. Chakula kikinukia vizuri, Kiingereza husema "The food smells good", kwa maana sifa ni ya chakula. Ukisema ya mtu kwamba "he smells well", umesifu pua yake. Habari Njema ni "the Good News", wala haipokei "a" mbele yake, ingawa tumeiona "a good news" hata katika matangazo ya kanisani. Na mgeni afikaye kwa padre saa mbili za usiku asiseme "Good night, Father" akiwa mlangoni, padre asije akadhani amekwisha kuondoka. Hilo ni la kuagana. La kukutana ni "good evening".

Tukarudi kwa barua ile. Mwalimu alitaka kufuta "beautiful" mara zote tatu na kutia "good". Tulimzuia kidogo. "A good girl" si kosa, lakini masikioni mwa Mwingereza mara nyingi ni sifa ya mtoto aliyemaliza uji wake; haimfai mtu anayetaka kukabidhiwa wagonjwa. Tukamshauri aandike "a young woman of good character", kisha aseme mambo yenyewe: ya kuwa kwa miaka miwili ameshika funguo za ghala la shule wala hakikupungua kitu, na ya kuwa alimwuguza bibi yake mpaka mwisho. Mwalimu aliandika yote kwa uangalifu. Alipokwisha akainua kalamu akatuuliza, basi lile la uzuri wake, ambalo nalo ni kweli, aliweke mstari gani? Tulimwambia aliache, akifika huko wataliona wenyewe.