Mpangilio wa maneno si undugu

Wapo wanaopima undugu wa lugha kwa mpangilio wa maneno tu. Waje Wabera, Isiolo. Hapa Mturkana hutanguliza kitenzi, Mmeru hukiweka katikati, Mborana hukiacha mwisho: ‘ani aannan dhuga’, yaani ‘mimi maziwa nakunywa’. (Mtoto wa Kiborana akiandika hivyo kwa Kiswahili huitwa mzembe, kumbe amehamisha sarufi ya kwao.) Kiburma nacho humaliza kwa kitenzi. Basi eti Kiborana na Kiburma ni ndugu? Wapi! Nduguye Kiborana ni Kisomali. Tazama mbili, tatu, tano: ‘lama, sadi, shan’ kwa ‘laba, saddex, shan’. Kigiriki nacho ni jamaa ya Kihindi, ‘dyo’ kwa ‘do’, ilhali Kihindi humaliza kwa kitenzi, Kigiriki si lazima.