Hasheem Thabeet na Mzigo wa Frasila Mbili

Juni 2009 Memphis Grizzlies walikuwa na nafasi ya pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Wakamchukua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21. James Harden alichukuliwa wa tatu. Stephen Curry alisubiri hadi nafasi ya saba. Tangu hapo kila wanapotajwa wachezaji waliochaguliwa vibaya, Mtanzania huyu hakosi, na lawama humwangukia yeye. Siikubali lawama hiyo, na sababu zangu zinaanzia Tabora.

Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, Tabora ya leo, mwishoni mwa 1857. Aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walianza kubeba pembe ndogo za ndovu mabegani wakiwa na miaka sita au saba. Mpagazi aliyekomaa alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32, siku baada ya siku kwenye njia ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji. Kifua kipana peke yake hakikumfikisha mtu Ujiji. Wenye misafara waliwataka Wanyamwezi kwa sababu walikuwa wameijua kazi tangu utotoni, hatua kwa hatua, kwa mizigo iliyokua pamoja nao.

Thabeet hakupata mazoezi ya utotoni ya namna hiyo: alianza kucheza kikapu akiwa na miaka kama 15. Chuo Kikuu cha Connecticut, chini ya kocha Jim Calhoun, alikuwa mchezaji bora wa ulinzi wa ligi ya Big East 2008 na 2009. Msimu wa mwisho alikuwa na wastani wa pointi zaidi ya 13, ribaundi karibu 11 na mitupo minne iliyozuiwa kwa mechi. Takwimu hizo ni za kweli, lakini tazama zilivyopatikana: alisimama karibu na kikapu, akainua mikono, na vijana wa vyuo wakashindwa kupita.

Februari 2009 DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa takriban sentimita 20, alionyesha pengo lilipo. Blair alikuwa akiinama, akimwegemea kwa nyonga na kumsukuma nje ya nafasi yake kabla mpira haujafika. Alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Thabeet alipata pointi tano na ribaundi nne. Kushusha kiwiliwili, kupanga miguu, kudaka mpira ukiwa umebanwa: hayo hujengwa kwa kucheza.

Basi angecheza wapi? Memphis tayari walikuwa na Marc Gasol katika nafasi ya senta, na kiangazi hicho hicho wakamleta Zach Randolph. Thabeet akabaki na dakika kama 13 kwa mechi na wastani wa pointi tatu. Februari 2010 walimpeleka Dakota Wizards, timu ya ligi ya kukuza wachezaji, na hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Mwaka mmoja baadaye wakamuuza Houston. Walichagua mchezaji wa kesho, kisha wakamdai leo.

Hatari ya kumchagua mtu kwa mwili kabla hajaijua kazi ipo pia katika besiboli, pengine kubwa zaidi. Mwaka 1994 nyota wa kikapu Michael Jordan, mwanamichezo wa mwili wa ajabu, alikwenda Birmingham Barons na wastani wake wa kupiga mpira ukaishia 0.202. Ila klabu za besiboli humwekea kijana ngazi za ligi ndogo, na humo anacheza karibu kila siku kwa miaka. Los Angeles Dodgers waliposaini Waganda Ben Serunkuma na Umar Male mwaka 2022, ngazi hizo zilikuwa tayari zinawasubiri.

Kwa hiyo kocha anayemchagua kijana mrefu kwenye mashindano ya shule pale uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, Tabora, aulizwe mapema: atacheza wapi, mara ngapi kwa wiki, na nani atamfundisha miguu? Thabeet mwenyewe aliendelea kucheza kikapu cha kulipwa, Japani na Taiwan, hadi baada ya kutimiza miaka 30, umri ambao wengi waliodhaniwa hawana uwezo huwa wamekwisha kuacha.