Sentimita Saba na Nusu

Mwenye nyumba akitaka choo kihame kutoka ukuta wa mlango kwenda ukuta wa dirisha, hunyoosha kidole tu: pale. Fundi bomba hodari hapaangalii pale kwanza. Huuliza, "Mama, chemba iko upande gani?" Kisha hutoka uani, hufunua mfuniko wa zege, huchuchumaa na kupima bomba linaingilia kwenye kina gani. Kazi ya ndani huanzia nje.

Anachotafuta ni mteremko. Bomba la choo la inchi nne, kwa kipimo kinachotumiwa sana, hushuka sentimita moja kwa kila sentimita 40 za urefu. Choo kikisogea mita tatu kutoka chemba, zinahitajika sentimita saba na nusu za ziada, nazo hazitoki hewani. Chemba imekwisha kujengwa na kina chake ndicho hicho. Kwa hiyo fundi hupiga hesabu akirudi kinyumenyume, kutoka chemba hadi mahali bakuli litakapokaa. Bomba likilala mno, maji hutangulia na uchafu hubaki njiani. Likiinama mno, kina humalizika kabla ya safari. Asipozipata sentimita zake, husema mapema, kabla tindo haijagusa sakafu: choo kikae ukuta mwingine, au sakafu ya bafu ipandishwe ngazi moja. Neno hilo ni sehemu ya ufundi, tena sehemu ngumu, maana mteja hakumwitia fundi hilo.

Chombo chake kizuri kuliko vyote ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Fundi hushika ncha moja bafuni, kijana wake nyingine kwenye chemba. Maji yakitulia, husimama usawa mmoja pande zote mbili, hata kama kati yao kuna kuta na kona. Pimamaji la mkononi haliwezi kupinda hivyo.

Kwenye kona hufunga viungo viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha nyuzi 90, ili uchafu ugeuke bila kugonga ukuta wa bomba. Bakuli hununuliwa kabla ya tundu kutobolewa, na umbali hupimwa kutoka uso wa marumaru, si kutoka tofali tupu; unene wa marumaru na saruji yake unatosha kulikosesha bakuli nafasi yake.

Halafu harufu. Mwaka 1775 Alexander Cumming, fundi saa Mskoti aliyekuwa London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda na kubakiza maji ya kuziba hewa chafu. Kizibo hicho cha maji bado kinatulinda, lakini choo kikihamishwa mbali na bomba la hewa, maji yanayokwenda kwa kasi yanaweza kukifyonza. Ndiyo maana fundi makini huongeza bomba la hewa linalopanda hadi juu ya paa.

Mwisho huja jaribio, ambalo wenye haraka hulikata. Fundi huziba upande wa chemba, hulijaza bomba maji, huweka alama ya penseli na kungoja. Muda huo ulipwe kama kazi nyingine yoyote. Maji yakishuka chini ya alama, kiungo kinachovuja hutafutwa na kufungwa upya. Yasiposhuka, bomba huzungushiwa mchanga laini, zege hurudishwa, na fundi marumaru huitwa.