Maelfu kwa Maelfu: Jeshi Hilo ni la Nani?

Waandishi wenzangu, leo tuambizane ukweli. Nimesoma miswada mitano ya vijana wa Mbeya na Iringa inayomhusu Mkwawa. Mmoja ni wangu, kwa hiyo fimbo hii inanipata na mimi.

Mandhari si mabaya, lugha inapendeza. Lakini tukifika vitani tunaharibu. Wote tumeandika kitu kimoja: "maelfu kwa maelfu ya Wahehe wakawakabili Wajerumani." Basi, yameisha. Hivi hao maelfu ni kina nani? Na hao "Wajerumani"?

Tuchukue Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Msafara wa Zelewski ulikuwa na Wazungu 13, askari 320 hivi na wapagazi 170. Piga hesabu mwenyewe: katika kila watu 100, Wazungu hawafiki watatu! Askari wa jeshi hilo Wissmann alianza kuwakusanya mwaka 1889: Wasudani aliowaajiri Cairo, Washangaan wa Msumbiji, na watu wa pwani yetu. Wazungu kumi walikufa siku ile, na katika miswada yetu ndio tunaowalilia au kuwashangilia. Wapagazi hata sentensi moja hawana. Mtu amebeba mzigo kutoka pwani, mkuki unamkuta Lugalo, na mwandishi anampita kama kisiki!

Upande wa pili hutajwa Wahehe 3,000 hivi. Namba hiyo ni ya kukisia, maana hakuna aliyewapanga mstari akawahesabu. Tuwe macho na anayehesabu. Julius Caesar alipopigana na Pompey, Warumi kwa Warumi, mwaka 48 kabla ya Kristo, aliandika mwenyewe kwamba alikuwa na watu 22,000 na mwenzake 45,000. Aliyeshinda ndiye aliyeshika kalamu. Ukijifanya shujaa, si lazima adui awe wengi?

Wahehe nao walipigana wao kwa wao. Munyigumba alipofariki, mwishoni mwa miaka ya 1870, mkwewe Mwambambe aliutaka utawala. Alikimbia, akarudi na wapiganaji wa kutoka magharibi, Mkwawa akamshinda na kumuua Ilundamatwe. Hapo hatuna namba kabisa. Tuna jina tu: mahali yaliporundikana mafuvu ya vichwa. Kwangu mimi jina hilo linapita tarakimu zote, lakini katika miswada mitano hakuna hata mmoja uliolitaja. Tunaogopa, nadhani. Shujaa wetu akipigana na mtu wa nyumbani kwao, hadithi inakuwa ngumu. Vilevile tunamruka Mpangire, ndugu yake Mkwawa, ambaye Wajerumani walimsimika mwaka 1896, halafu mwaka 1897 wakamnyonga.

Sasa niseme langu. Baba yangu ni Mhehe wa Iringa, mama ni Msangu. Nilimsomea babu mzaa mama sura yangu ya vita, nikijivuna kweli kweli. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, na watu wetu umewaweka wapi?"

Nilikosa jibu. Merere wa Usangu aliungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, kwa sababu Wahehe walikuwa wamewafukuza Wasangu kwao. Mimi nilimfuta Merere ili hadithi isimame vizuri. Kumbe nilikuwa nimemfuta babu, na nusu yangu mwenyewe.

Kuna watakaosema riwaya si kitabu cha historia. Sawa, sibishi. Mulokozi alitoa tamthilia ya Mukwava wa Uhehe mwaka 1979, na hakuna aliyemdai orodha ya wanajeshi. Nami sidai orodha. Nadai wahusika. Ukishajua kwamba aliyeshika bunduki ni Msudani, aliyebeba risasi ni mtu wa pwani, na anayeonyesha njia ni jirani mwenye kisasi chake, wahusika umeshawapata. Ukiandika "maelfu kwa maelfu" umepata vumbi tu.

Sura yangu nimeichana. Naianza upya na mpagazi mmoja, asubuhi ya Lugalo, mzigo kichwani, hajui anakwenda kupigana na nani. Wewe utaanza na nani?