Tusi Moja, Vinywa Viwili

Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Mabepari wa Venisi, uliofasiriwa na Julius Nyerere mwaka 1969, limo neno moja zito: mbwa. Antonio, tajiri Mkristo, alikuwa akimwita hivyo Shylock, Myahudi mkopeshaji fedha, na kumtemea mate. Kisha anamwendea kukopa dukati 3,000. Hapo Shylock analitamka neno lile lile, akimkumbusha mkopaji tusi lake. Herufi hazikubadilika, lakini maana imegeuka: kinywani mwa Antonio ni dharau, kinywani mwa Shylock ni ushahidi.

Mimi nililelewa nisitamke tusi, na darasani nilitamani kuliruka neno hili. Sikuliruka, maana tukilifuta tunamtakasa Antonio na kumnyang'anya Shylock shahidi wake. Lakini jioni ile mwanafunzi mmoja alimwita mwenzake mbwa uwanjani, akajitetea kuwa neno limo kitabuni. Utetezi huo haukusimama. Kitabuni limewekwa ili dharau ionekane ubaya wake. Uwanjani lilitupwa ili mtu adharauliwe.

Basi, wanafunzi, kabla ya kulihukumu neno, ulizeni: nani kalisema, kamwambia nani, na kwa nia gani?