Mfiwa Asiyepewa Pole: Msiba wa Mtoto katika Filamu ya White Shadow

Utangulizi

Filamu ya White Shadow (2013), iliyoongozwa na Noaz Deshe na kuigizwa nchini Tanzania kwa lugha ya Kiswahili, hutazamwa zaidi kama kazi inayofichua mauaji ya watu wenye ualbino. Mtazamo huo ni sahihi, lakini haujitoshelezi. Mhusika mkuu, Alias, ni mtoto anayewindwa. Vilevile ni mtoto aliyeshuhudia baba yake akiuawa. Makala haya yanahakiki filamu hiyo kama masimulizi ya majonzi ya mtoto, na yanadai kwamba jeraha lake kuu ni kunyimwa nafasi ya kuwa mfiwa.

Mfiwa katika sarufi na katika jamii

Kiswahili kina namna yake ya kumtazama aliyeachwa na marehemu. Kitenzi -fa, kikinyambuliwa katika kauli ya kutendea na kisha ya kutendwa, hutoa -fiwa. Katika sentensi "Mtoto amefiwa na baba", kiima ni mtoto: kifo cha mwingine kinasimuliwa kuwa tukio lililompata yeye. Nomino mfiwa inatokana na kitenzi hicho, na humweka mtu ndani ya mahusiano. Mfiwa hupewa pole, hukalishwa matangani, huletewa chakula, huulizwa kilichotokea na kusikilizwa. Hadhi hiyo haipatikani bila watu wengine.

Alias haipati. Mama yake anamwondoa kijijini na kumpeleka mjini kwa mjomba wake, Kosmos, dereva wa lori anayehangaika na vibiashara vyake. Uamuzi wa mama ni wa busara, kwani mtoto mwenyewe yumo hatarini. Hata hivyo, safari inayouokoa mwili wa mtoto inamtenga na mtu anayeomboleza kifo kilekile. Mjini, Alias anajifunza upesi kuuza miwani ya jua, DVD na simu. Anajifunza bei za vitu, ilhali alichokiona usiku ule kinabaki bila msikilizaji. Hata pendo lake kwa Antoinette, binti wa Kosmos, linakutana na pingamizi la mjomba. Kamera ya mkononi, inayosogelea nyuso kupita kiasi na kukata matukio kabla hayajaeleweka, inafuata kumbukumbu ya mtoto ambaye hajapata nafasi ya kusimulia: mambo yanarudi vipandevipande, bila mpangilio wa kisa.

Majina na uhai

Jina la mhusika nalo lina maana. Neno alias, lenye asili ya Kilatini, hurejelea jina jingine ambalo mtu hujulikana kwalo. Mtoto huyu basi anaitwa kwa jina linalodokeza kwamba jina lake halisi liko kwingine. Uteuzi huo unahusiana na majina yanayotumika nje ya filamu. Watu wenye ualbino wameitwa zeruzeru kwa muda mrefu. Wimbi la mauaji lilipoanza kuripotiwa katika miaka ya 2000, hasa Kanda ya Ziwa, wengine waliitwa pia dili. Neno zeruzeru, pamoja na kebehi yake, huchukua upatanisho wa viumbe hai: zeruzeru amepita. Neno dili linatoka katika uwanja wa biashara na hubeba upatanisho wa vitu: dili hupangwa, huiva, hukamilika. Dili halifi, wala halililiwi. Anayelitamka mbele ya mtoto kama Alias anamwambia kwamba baba yake hakuwa mtu wa kuombolezwa.

Kwa mtazamaji wa Ihanja, kata ya wilaya ya Ikungi mkoani Singida, suala hili la majina lina historia ya karibu. Singida inapakana na Shinyanga na Simiyu, na yenyewe ina kumbukumbu ya mauaji ya miaka ya 1940 yaliyohusishwa na "watu-simba". Katika kisa hicho jina la mnyama lilimfunika muuaji. Katika mauaji ya watu wenye ualbino, jina la biashara linamfunika anayeuawa. Kila mara lugha inamwondoa mtu mmoja katika sentensi ya mauaji, na anayebaki na msiba anakosa wa kumdai au wa kumlilia.

Mipaka ya filamu

Ulinganisho na Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina, kutoka Kenya, unasaidia kupima uzito wa hoja hii. Humo, Jo, msichana anayeugua maradhi yasiyopona, anazungukwa na dada yake Mwix na kijiji kinachoshirikiana kumfanya aamini kuwa ni shujaa. Majonzi yanaanza kabla ya kifo, na yanabebwa na wengi. White Shadow inamwacha mtoto abebe peke yake.

Ukali huo ni ukweli wa filamu, lakini pia ni udhaifu wake. Kazi hii ilipata tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mwongozaji katika tamasha la Venice mwaka 2013, na mara nyingine inaelekea kumtazama Alias kwa macho ya mgeni anayeshangazwa na giza. Picha zinapozidi maneno, mtoto anakaribia kuwa kitu cha kutazamwa, hali inayofanana na ile ile ambayo neno dili linaizalisha. Filamu inajinusuru pale inapomweka Alias pamoja na Salum, mtoto mwenzake mwenye ualbino. Wanapokuwa pamoja, Alias anazungumza na mtu asiyehitaji kuelezwa hofu hiyo ni nini.

Hitimisho

Filamu hii inastahili kufundishwa katika kozi za fasihi na filamu kwa Kiswahili, kwa sharti kwamba isiishie kuwa ushahidi wa ushirikina. Swali lenye manufaa zaidi kwa mtafiti ni hili: mtoto aliyefiwa anapewa lugha gani, na nani, na kwa wakati gani? Katika White Shadow jibu linachelewa mno. Mtazamaji anayejua maana ya pole anatoka akiwa nayo mdomoni, bila kupewa nafasi ya kuitoa.